Kulala Nalala

Karatasi imetoka bara na muhuri wake,
maswali tisa, kila swali na vyumba vinne:
hata kidogo, siku chache,
zaidi ya nusu ya siku, karibu kila siku.
Kwenye semina ya Mokowe walituusia:
usiongeze neno, usipunguze neno,
kipimo kikiguswa si kipimo tena.

Mwanamkuu Famau alikuja Jumanne baada ya adhuhuri,
kliniki ya Langoni, chumba cha nyuma,
mfuko wa kofia mapajani.
Yeye hushona vito. Kofia moja, miezi mitatu,
matundu madogo kuliko punje ya mtama.

Umepata shida ya kulala?
"Kulala nalala."
Sifuri.
Uchovu?
"Kila siku. Nani hachoki?"
Tatu.
Hamu ya chakula?
"Wifi hupakua, nami humaliza. Chakula hakitupwi."
Sifuri.
Kutulia kwenye jambo moja?
"Siku nyingine hunipotea."
Moja.
Umekata tamaa?
Akanitazama kana kwamba nimemtukania wazazi.
"Astaghfirullah, mwanangu. Nani akate tamaa na Mola yupo?"
Sifuri, nikaandika, na mkono haukutetemeka.

Jumla: nne kati ya ishirini na saba.
Wiki mbili baadaye, nne.
Wiki mbili tena, nne.
Msimamizi akafurahi: unaona, hakiyumbi.

Hapo ndipo nilipoikumbuka kilo ya baba.

Duka lake lilikuwa kichochoro cha tatu kutoka hapa,
mchele, sukari, tende za kupima,
na chini ya sahani ya mizani donge la nta
ambalo hakuna aliyekiri kulibandika.
Kilo yake ilikuwa gramu mia tisa na arubaini.
Asubuhi mia tisa na arubaini, jioni vivyo hivyo,
Ramadhani na mfunguo mosi,
kwa mwenye jahazi na kwa yatima.
Watu wakamsifu: Mzee Shalla habadiliki.
Hadi alipokuja mkaguzi na kijisanduku cha mbao,
mawe ya shaba yamelazwa kwenye mahameli kama mayai.
Akaweka, akatazama, akaweka tena,
akasema taratibu, asije akasikika nje:
"Mzee, mizani yako haibahatishi.
Inakosea kwa adabu."
Baba hakula usiku ule.
Kama alijua au hakujua, mpaka leo sijui.

Mara ya nne sikuanza na karatasi.
Nilimwomba Mwanamkuu anionyeshe kofia.
Upande mmoja, vito vimejipanga kama safu za sala.
Upande wa pili vimeziba, uzi juu ya uzi,
sindano imerudi palepale, palepale.
"Hapa ulishona saa ngapi?"
"Usiku."
"Usiku gani huo usiokuwa na kulala?"
Akacheka kidogo, kicheko cha kumwonea huruma mtoto.
"Nimekwambia kulala nalala. Najilaza.
Mato ndiyo hayafumbi.
Adhana ya alfajiri hunikuta na sindano.
Wewe hukuniuliza usingizi."
"Tangu lini?"
"Tangu walipoleta viatu vya Bunu bila Bunu."

Sasa ni saa kumi, umeme umekatika, feni imesimama.
Swali lile nikiliandika upya, si lile tena,
na zile nne za mwezi jana hazitalingana na kitu.
Nikiliacha, litalingana na kila kitu
isipokuwa yeye.

Nimeandika nne kwa wino, kama nilivyofundishwa.
Pembeni, kwa penseli:
uliza usingizi, usiulize kulala.
Tamaa itafutie jina
ambalo mtu anaweza kulikubali bila kuomba toba.

Kofia ameiacha mezani, haijaisha.
Ni ya kipimo cha kichwa gani,
sikuuliza.